Mishikaki ya Kamba Yenye Sosi ya Asali kwa Kikaangio cha Hewa

Kamba huiva haraka, na asali huungua haraka zaidi. Ugumu wote wa mapishi haya uko hapo. Kamba mkubwa aliyemenywa anahitaji dakika sita hivi kwenye nyuzi 200 za Selsiasi. Ukimpaka asali tangu mwanzo, dakika hizo hizo sita zinatosha kuifanya nyeusi na chungu, hasa upande unaotazama juu. Ukipunguza moto ili kuinusuru asali, kamba watatoa maji na kujichemsha ndani ya kikapu, sosi itateleza chini, na utakachopakua ni kamba waliopauka waliolala juu ya dimbwi tamu.

Kwa hiyo kazi inagawanywa. Sosi inaivia kwenye sufuria mpaka iwe nzito, kamba wanaivia kwenye kikaangio wakiwa wakavu, na vitu hivi viwili vinakutana dakika tatu za mwisho tu. Ukishaelewa sababu hiyo, vipimo vya hapa chini unaweza kuvibadilisha utakavyo.

Mahitaji

Kiasi hiki kinatoa mishikaki mitano au sita, chakula cha watu wawili hadi watatu.

Kwa kamba:
- kamba wabichi gramu 450, waliokwisha menywa na kutolewa vichwa
- chumvi nusu kijiko cha chai
- bekingi soda robo kijiko cha chai
- mafuta ya kupikia kijiko 1 cha chakula
- pilipili manga kidogo

Kwa sosi:
- asali vijiko 3 vya chakula
- sosi ya soya yenye chumvi kidogo, vijiko 2 vya chakula
- siki nyepesi au maji ya ndimu, kijiko 1 cha chakula
- kitunguu saumu punje 2, zilizosagwa laini kabisa
- tangawizi mbichi iliyokunwa, kijiko 1 cha chai
- pilipili kavu ya unga, robo kijiko cha chai
- wanga wa mahindi kijiko 1 cha chai, uliokorogwa kwenye kijiko 1 cha chakula cha maji baridi

Ikiwa sosi ya soya uliyonayo ni ile ya kawaida, punguza chumvi ya kamba ifike robo kijiko. Sosi inakauka na kukolea ikipikwa, na chumvi yake inakolea nayo. Wanga unaotajwa hapa ni ule unga mweupe, laini kama poda, wa kuzitisha mchuzi. Unga wa mahindi wa kawaida utaacha chengachenga.

Kamba wa kununua

Ukubwa wa kamba hupimwa kwa idadi inayoingia kwenye ratili moja, yaani gramu 454. Pakiti iliyoandikwa 16/20 ina kamba 16 hadi 20 kwa ratili, na ya 31/40 ina 31 hadi 40. Namba ikipanda, kamba anakuwa mdogo. Maneno kama "wakubwa" au "wakubwa sana" hayana kipimo kimoja, kila muuzaji ana maana yake, kwa hiyo fuata namba. Kwa mishikaki ya kikaangio, 21/25 ndio wanaofaa zaidi: wanene kiasi cha kuvumilia moto mpaka sosi ishike, na wembamba kiasi cha kuiva bila kukauka nje. Wa 16/20 wanafaa pia. Kwa kamba wa 41/50 na wadogo kuliko hao usijisumbue na vijiti, maana wataiva kabla hujapata nafasi ya kupaka sosi hata mara moja.

Nunua wabichi. Wale wa rangi ya waridi kwenye pakiti mara nyingi wameshachemshwa kiwandani, na kuwapika mara ya pili ni kuwakausha. Kamba mbichi wengi ni wa kijivu, wengine wana mistari. Kamba wekundu wa Ajentina ni tofauti: ni wekundu hata wakiwa wabichi, na nyama yao ni laini zaidi, kwa hiyo wapunguzie dakika moja. Lebo ndiyo itakayokuambia.

Ukiwa bado umeishika pakiti, soma viungo vilivyoorodheshwa. Ukikuta fosfati (mara nyingine zimeandikwa kwa alama E450, E451 au E452), ujue kamba hao wameongezewa kemikali ya kushikilia maji. Si sumu, lakini unalipia maji, na sehemu ya maji hayo itatoka ndani ya kikaangio wakati unataka ukavu. Orodha nzuri ni fupi: kamba, pengine na chumvi. Ikiwa huna wengine ila wenye fosfati, usiwatie chumvi wala bekingi soda. Wakaushe mara mbili, basi.

Kamba mzuri ananukia maji ya bahari. Akitoa harufu kali inayopanda puani kama ya amonia, mtupe, kwa sababu hakuna sosi itakayoificha. Madoadoa meusi kwenye ganda ni jambo jingine: yanatokana na vimeng'enya vya kamba mwenyewe vinapokutana na hewa, na peke yake si dalili ya kuoza.

Waliogandishwa wayeyushe kwenye friji usiku kucha. Ukiwa na haraka, wafunge kwenye mfuko usiopitisha maji na uuzamishe kwenye bakuli la maji baridi kwa dakika 20 hadi 30, ukibadilisha maji mara moja katikati. Maji ya uvuguvugu yanalegeza nyama ya nje huku ya ndani ikiwa bado barafu. Kuwatunga wakiwa nusu wameganda nako hakufai: kijiti kinavunjika au kamba anapasuka.

Kumenya, kusafisha, kukausha

Ng'oa miguu kwanza, halafu ganda litavuka kirahisi kuanzia tumboni. Mkia watu huuacha kwa sababu unapendeza na unashikika. Kwa mishikaki, uondoe. Kijiti chenyewe ndicho cha kushikia, na ganda la mkia ndani ya kikaangio linakauka, ncha zake zinaungua, na sosi inajificha kwenye sehemu ambayo hakuna atakayeila. Ukiuondoa, ubane kwenye mzizi na uvute taratibu ili kipande cha nyama kilichomo ndani kitoke mzima.

Mstari mweusi mgongoni ni utumbo. Pasua mgongo kwa ncha ya kisu, kina cha milimita mbili au tatu, uuchomoe, kisha pangusa. Usiende ndani zaidi ya hapo, kwani kamba aliyepasuliwa sana hufunguka kama kitabu, akaiva haraka kuliko wenzake. Mpasuko mdogo una faida mbili: sosi inashika pale, na baadaye ndipo utakapochungulia kujua kama ameiva.

Sasa wakaushe. Watandaze juu ya karatasi za jikoni, funika kwa karatasi nyingine, na ubonyeze. Karatasi zikilowa, zibadilishe. Hatua hii inaonekana ndogo ila ndiyo inayoamua matokeo. Kikaangio cha hewa hupika kwa kupuliza hewa ya moto juu ya chakula, na maji yakiwepo juu ya nyama, moto wote unaanza kwa kuyakausha hayo. Mpaka yaishe, kamba ameshaiva na hajapata rangi yoyote.

Wakiwa wakavu, wachanganye na chumvi na bekingi soda, wapakae sawasawa, wakae kwenye friji dakika 15 hadi 20. Bekingi soda inapunguza asidi juu ya nyama, protini zake zinashikilia maji vizuri zaidi zikipikwa, na kamba anatoka mwenye maji ndani na anayekatika kwa mlio mdogo ukimuuma. Pia inasaidia nyama kupata rangi ya kahawia. Lakini robo kijiko ni robo kijiko. Ukizidisha, au ukiwaacha saa nyingi, utaonja sabuni. Na usichanganye na bekingi pauda, ambayo tayari ina asidi ndani yake na haitafanya kazi hiyo.

Hakuna haja ya kuwasuuza baadaye. Wapanguse unyevu uliotoka, wapake mafuta na pilipili manga.

Kitu cha kuepuka hapa ni kuwaloweka kwenye ndimu. Asidi huanza kuigandisha nyama hata bila moto. Baada ya nusu saa kamba anakuwa mweupe juu na nyama yake inasagika kama chaki akiiva. Ndimu ina mahali pake, ndani ya sosi na mezani.

Kutunga

Kabla ya kitu kingine chochote, pima kikapu chako. Vijiti vingi vya dukani vina sentimita 25 au 30, na vikapu vingi havifiki upana huo. Kijiti kikiinama au kikiegemea ukuta, kamba wa mwisho wanainuka karibu na chuma cha moto kilichoko juu na kuungua. Kata vijiti kwa mkasi imara wa jikoni vipungue sentimita mbili kuliko upana wa kikapu, na ukate kabla ya kuviloweka, visije vikachanika.

Vijiti vya mianzi viloweke maji dakika 20 hadi 30. Ukweli ni kwamba ndani ya kikaangio hakuna ulimi wa moto, na dakika sita au saba hazitoshi kuvichoma kabisa, lakini ncha kavu zinaweza kuwa nyeusi na kijiti kilicholowa hakiachi vibanzi kwenye nyama. Vya chuma havihitaji hayo. Navyo hupeleka joto hadi katikati ya kamba, hivyo anza kuchungulia dakika moja kabla. Uvishike kwa koleo, si kwa vidole.

Kamba mmoja anatobolewa mara mbili: mara moja karibu na mkia, mara ya pili kwenye sehemu nene, akiwa amejikunja kama herufi C. Ukimtoboa mara moja tu katikati, ukija kugeuza mshikaki kijiti kitazunguka na kamba atabaki alivyo. Ukitaka utulivu kamili, tumia vijiti viwili sambamba kwa kila mshikaki. Kwa kamba wa 16/20 hiyo ndiyo njia bora, maana uzito wao unawafanya wazunguke.

Panga kamba wanne kwa kila kijiti, wote wakielekea upande mmoja, na uache nafasi ya nusu sentimita kati yao. Waliobanana hawaivi pale wanapogusana, na wakiachwa waive hapo, pembeni watakuwa wamekauka. Chagua wanaolingana ukubwa wawe pamoja, wadogo kwenye mshikaki wao, ili uweze kuutoa mapema.

Sosi

Weka kwenye sufuria ndogo kila kitu cha sosi isipokuwa wanga. Washa moto wa wastani, ichemke taratibu dakika tatu. Koroga tena wanga na maji yake (hutuama chini haraka), umimine huku ukikoroga, uache ichemke dakika moja nyingine. Wanga hauwezi kuzitisha kitu bila joto kali, na ukiutia ukiwa mkavu utafanya madonge. Sosi iko tayari ikiwa inafunika mgongo wa kijiko na, ukipitisha kidole hapo, njia inabaki wazi bila kufunikwa. Ikipoa itazidi kuwa nzito, kwa hiyo itoe ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka.

Kuchemsha kuna sababu nyingine mbili. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini, na ikikaa juu ya kamba wabichi muda mrefu inawalegeza wakawa uji. Moto unakiua. Kitunguu saumu nacho kinatakiwa kiwe laini kabisa na kiwe kimekwisha iva, kwa sababu vipande vyake vikibaki juu ya kamba vinageuka vidoa vyeusi vichungu chini ya feni. Mwenye subira aichuje.

Gawa sosi kwenye bakuli mbili: theluthi mbili za kupaka wakati wa kupika, theluthi moja ya mezani. Brashi iliyogusa kamba ambao hawajaiva isirudi kamwe kwenye bakuli la mezani.

Asali ikikosekana, sukari ya kahawia vijiko viwili na maji kijiko kimoja na nusu itatosha. Hiyo ina ustahimilivu kidogo, kwani asali ina fruktosi nyingi, na fruktosi huanza kubadilika rangi kwenye joto la chini sana kuliko sukari ya mezani. Jemu ya aprikoti au ya machungwa iliyoyeyushwa na kuchujwa inang'aa kuliko zote, na haihitaji wanga.

Kupika

Washa kikaangio kwenye nyuzi 200 za Selsiasi (400 kwa mashine zinazosoma Farenhaiti) kikiwa kitupu kwa dakika tatu. Pasha moto hata kama kitabu cha mashine kinasema si lazima, maana kwa chakula cha dakika sita, dakika mbili za kusubiri joto lipande ni theluthi nzima ya muda. Paka wavu mafuta kidogo kwa brashi. Mafuta ya kopo ya kupulizia mara nyingi yana lesithini inayogandamana juu ya wavu usionata na ni ngumu kutoka, hivyo yaache.

Karatasi ya kuokea usiiweke wakati wa kupasha. Haina kitu cha kuikandamiza, feni itairusha hadi kwenye chuma cha moto, na hapo unaweza kupata moto wa kweli. Ukitaka kuitumia, iwe yenye matundu, na iingie pamoja na mishikaki juu yake. Ingawa kwa kamba, wavu mtupu ni bora: hewa inapita chini.

Laza mishikaki kwa safu moja, isigusane. Muda ni huu, kwa mashine ya kikapu:

- 16/20: dakika 4, geuza na upake, dakika 2, geuza na upake, dakika 1
- 21/25: dakika 3, geuza na upake, dakika 2, geuza na upake, dakika 1
- 31/40: dakika 2, geuza na upake, dakika 1 na nusu, geuza na upake, dakika 1

Paka tabaka jembamba. Tabaka mbili nyembamba zinashika. Moja nene inateleza. Ukifungua droo, iweke juu ya meza, paka mishikaki yote kwa kasi, uirudishe. Joto hupotea kila sekunde unayosimama, na mashine nyingi husimamisha saa droo ikitolewa, kwa hiyo hesabu yako ya dakika haitaharibika. Ikiwa sosi imekuwa nzito mno kwa brashi, iongezee kijiko cha chai cha maji ya moto.

Mashine za umbo la oveni, zenye mlango na trei, zina nafasi kubwa zaidi na chuma cha moto kiko mbali. Weka trei kwenye ngazi ya juu na uongeze dakika moja hadi mbili kwenye hatua ya kwanza, si kwenye hatua za sosi.

Sasa, kujua kama wameiva. Utasikia kila mahali kwamba kamba aliyekunjika kama C ameiva na aliyejifunga kama O amepitiliza. Kwa kamba wa sufuriani ni kanuni nzuri. Kwa mishikaki haina kazi, maana kijiti kimemshika, hawezi kujikunja zaidi hata angeungua. Rangi ya nje nayo inadanganya. Kamba mbichi ni wa kijivu kwa kuwa rangi yake nyekundu, astazanthini, imefungwa ndani ya protini. Moto ukiivunja protini hiyo rangi inaachiwa, na hilo hutokea juu ya ngozi mapema kuliko nyama ya ndani kuiva.

Tazama ule mpasuko wa mgongoni, kwenye kamba mnene kuliko wote. Ufungue kidogo kwa ncha ya kisu. Nyama ya ndani ikiwa ya kioo, ya kijivu yenye kuteleza, bado. Ikiwa nyeupe kama lulu, yenye unyevu unaong'aa, toa. Ikiwa nyeupe kavu na nyuzi zinaonekana, umechelewa. Mwenye kipimajoto chembamba akiingize kwa ubavu, kutoka upande wa sehemu nene, kisiguse kijiti cha chuma, na kisome nyuzi 63.

Kama wameiva na sosi haijapata rangi, usiwaongezee dakika. Watoe, uwapake sosi ya mezani ikiwa moto. Rangi kidogo iliyopungua hailinganishwi na kamba mgumu kama mpira.

Waache kwenye sahani dakika moja kabla ya kupakua. Sosi inapopoa kidogo inajishika na kung'aa. Ndimu ikamuliwe wakati huo.

Yanayoharibika, na chanzo chake

Moshi. Sosi imedondoka chini ya wavu na inaungua kwenye sakafu ya droo. Ama ulipaka nene, au sosi haikuchemka ya kutosha. Vijiko viwili vya maji chini ya wavu vinatuliza, ila hakikisha kitabu cha mashine yako hakikatazi. Moshi mweupe ukitoka kabla hujapaka sosi yoyote, ni mafuta ya chakula cha jana.

Kamba wamelowa na maji yamejaa chini. Hawakukaushwa, au kikapu kimejazwa, au wana fosfati. Hili la kujaza ndilo la mara nyingi zaidi. Mishikaki ikifunika wavu wote, hewa haina pa kupita, na mashine inageuka chombo cha mvuke. Nusu ya wavu iwe wazi. Ukiwa na wageni wengi, pika kwa awamu, ufunike walioiva kwa karatasi ya alumini bila kuibana, na uwapake sosi moto kabla ya kuwapeleka mezani. Kuwarudisha wote kwenye kikaangio "wapate moto" ni kuwapika mara mbili.

Nyama inasagika mdomoni bila kutafunika. Kama hukutumia ndimu wala tangawizi mbichi, tatizo limeanza kabla yako: kamba walikaa na vichwa muda mrefu, na vimeng'enya vya kichwani vikaila nyama, au waliyeyuka wakagandishwa upya. Hakuna tiba.

Upande mmoja umeiva na mwingine haujaiva. Geuza kweli, mshikaki mzima, na ubadilishe nafasi: wa katikati waende pembeni. Vikapu vingi vina kona moja yenye moto kuliko nyingine, na ukipika mara kwa mara utaijua ya kwako.

Sosi imekuwa nyeusi upande mmoja tu. Huo ni upande uliokuwa juu. Mashine ndefu zina nafasi, lakini kwenye ndogo, kamba wanene wanakaribia sana chuma cha moto. Shusha hadi nyuzi 190 kwa hatua mbili za sosi.

Mboga kwenye kijiti

Picha nyingi zinaonyesha kamba, pilipili hoho na vitunguu vikipishana kwenye kijiti kimoja. Inapendeza machoni, lakini hoho inahitaji dakika nane hadi kumi, na kitunguu karibu hivyo hivyo. Ukisubiri hoho, kamba wamekwisha. Tunga mboga peke yake, zianze dakika tano kabla, kisha kamba waingie kando yake. Zucchini iliyokatwa nyembamba na nyanya ndogo nzima zinaweza kukaa pamoja na kamba, ingawa nyanya hupasuka na kulowesha jirani zake.

Nanasi linastahili tahadhari yake. Nanasi bichi lina bromelini, kimeng'enya kinachovunja protini, na kamba anayegusana nalo huanza kulegea ndani ya muda mfupi. Litunge wakati kikaangio kimeshapata moto, si saa moja kabla. La kopo limeshapikwa na halina tatizo hilo, ila likaushe.

Mabaki, mzio, na usafi

Kamba walioiva wasikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye friji, wakiwa wametolewa kijitini na kufunikwa, wanakaa siku tatu. Kuwapasha ni kazi ngumu, kwani nyuzi 160 kwa dakika mbili ndiyo ya juu kabisa, na hata hivyo wanakauka. Wakiliwa baridi kwenye saladi ni watamu zaidi.

Ikiwa unampikia mtu mwenye mzio wa kamba, kikaangio hicho hicho kisitumike kwa chakula chake kabla ya kuoshwa vizuri, pamoja na wavu, droo na brashi. Mzio huu unaweza kuwa mkali, na mabaki kidogo ya sosi yanatosha kuuamsha.

Kuosha kufanyike kikapu kikiwa bado na uvuguvugu. Chomoa mashine umemeni, mimina maji ya moto na tone la sabuni ndani ya droo, rudisha wavu, uache dakika kumi na tano. Sukari iliyoganda inayeyuka yenyewe, ukiisubiri ikauke hadi kesho utaikwangua. Tumia sponji laini, maana waya wa chuma unavua utandu. Baada ya hapo, mashine ikiwa imepoa kabisa, igeuze na utazame juu, kwenye chuma cha moto: matone ya asali hurushwa huko na feni, na ndiyo yatakayotoa harufu ya kuungua mara nyingine utakapowasha. Yapanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, na uache pakauke kabla ya kuchomeka tena.